Mshauri Aliyekaa Siku Nzima

Alhamisi, tarehe kumi na tisa Juni. Manyunyu yalianza alfajiri, yale ya kulowesha mabega bila mtu kujua ameanza kulowa saa ngapi, na wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mapaa ya maghorofa. Nilimaliza kusali, nikamfunga mdogo wangu vifungo vya koti. Naye akanifunga mimi kitambaa cha kichwa kwa mtindo wake, fundo likiwa juu ya sikio. Tukatoka hivyo hivyo.

Tulikuwa tunakwenda kutafuta mtu wa kutushauri kuhusu kiinua mgongo changu.

Utu uzima wangu wote nimeshona hospitalini, katika chumba kilichoko nyuma ya dobi. Nilishona mashuka, magauni ya wagonjwa, na vile vitambaa vya chumba cha upasuaji vyenye tundu katikati. Nilipostaafu walinipa keki, saa ya ukutani, na hicho kiinua mgongo. Kwa mtu aliyezoea mshahara wa cherehani, ni kama kupewa ng'ombe na huna hata kamba.

Mdogo wangu mtaani humwita Mkuu. Amepita miaka arobaini, ndevu zake zina mvi, lakini akili yake ilifika mahali fulani utotoni ikapapenda, ikakaa. Hasomi. Noti zote kwake ni pesa tu. Ukimpa, atampa wa kwanza atakayemwomba, tena kwa fahari. Kila asubuhi husimama penye kona yetu akiwasalimia wanaokwenda kazini, na wapo wasiothubutu kupita bila ruhusa.

"Mkuu, nipite?"

"Pita. Usichelewe kurudi."

Mama alipofariki aliniachia yeye. Sikuolewa. Waliokuja kuniposa walimwona Mkuu kwanza, wakakumbuka wana shughuli kwingine. Sijutii hata kidogo. Ila sasa nimezeeka, na mara ya mwisho daktari aliusikiliza moyo wangu kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kwa hiyo sikutafuta mtu wa kunitajirisha. Nilikuwa na swali moja tu, nalo nililala nalo na kuamka nalo: nikitangulia mimi, Mkuu atakuwa wapi?

Familia ilikuwa imeshajibu. Marehemu kaka yangu aliacha mtoto wa kiume, fundi wa kuchomelea vyuma, kijana mwema ambaye hajawahi kunipandishia sauti. Tulikaa, tukasali, tukakubaliana kwamba nyumba na fedha viandikwe kwa jina lake nikiwa bado hai, ili pasitokee ugomvi baadaye. Nikiondoka, atamchukua Mkuu akakae naye ng'ambo ya mji, jirani na karakana yake. Ndivyo tunavyofanya sisi. Unaitafutia mali mikono ya mtu mwema, unamwachia Mungu yaliyobaki. Siku ya kwenda kubadilisha jina ilikuwa imepangwa, mwisho wa mwezi huo huo.

Aliyenitia shaka ni mwalimu wa hesabu. Nasoma masomo ya jioni, katika darasa ambalo mchana ni la watoto, kwa hiyo sote tunakaa magoti yakigonga meza. Tulikuwa tunajifunza asilimia. Kipindi kilipokwisha nilimweleza mpango wetu, nikitaka tu anihakikishie kwamba hesabu ni sawa. Akaweka chaki chini.

"Mama, umemwuliza mtu anayejua mambo haya?"

"Nimemwuliza Mungu, mwalimu."

"Umefanya vizuri. Naye kwa kawaida hujibu kwa vinywa vya watu. Umemwuliza mtu gani?"

Dereva wa lori, ambaye hukaa dawati la nyuma yangu, akadakia. "Washauri wa fedha? Mimi wangu alinishauri nifuge kuku. Nilipomwuliza wake wanaendeleaje, akasema yeye kuku hawapendi, wanamnukia."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akangoja kiishe.

"Wapo wengi, na wengi ni wazuri," akaniambia. "Wewe usiulize nani mzuri. Uliza mzuri wa nini. Mwulize amewahi kumsaidia nani mwenye shida kama yako, na nani anamlipa. Halafu mwulize kitu gani hajui. Akikosa jibu hapo, aga uondoke."

Basi Alhamisi hiyo tulianza kwa Mzee wa Bima, kwa sababu njia ilikuwa fupi na tunasali naye kanisa moja. Alitupokea kwa mikono miwili. Mezani alitandaza makabrasha yanayong'aa, akaanza kunieleza bima ya maisha, bima ya nyumba, bima ya mazishi. Kila nilipomtaja Mkuu alinijibu kwa bima nyingine.

"Baba," nikamwambia, "katika kazi hii, kitu gani hukijui?"

"Sijui kushindwa!" Akacheka mpaka kiti kikalia. Mkuu naye akacheka, maana hupenda watu wanaocheka. Nikashukuru, tukaaga.

Kwenye ngazi Mkuu akasema, "Yule ana meno mengi."

Kutoka hapo tulikwenda benki. Kijana aliyetuhudumia alikuwa na tai na kitambulisho shingoni, na sauti ya mtu aliyelelewa vizuri. Aligeuza kioo cha kompyuta yake ili nami nione. Palikuwa na mstari unaopanda kama kijia cha mlimani. Akanionyesha fedha zangu zitakuwa wapi baada ya muda mrefu, kisha zitakuwa wapi baada ya muda mrefu zaidi.

"Una watoto, mama?"

"Sina. Ninaye huyu."

Akamtazama Mkuu, kisha akanirudia mimi kwa sauti ya chini. "Anasikia?"

"Nasikia," Mkuu akajibu. "Wewe je?"

Kijana akaona haya, akamwomba radhi yeye mwenyewe, sio mimi. Hapo nikapata ujasiri wa kuuliza swali la mwalimu. Alitazama ule mstari wake unaopanda, akashika kitambulisho chake kama mtu anayetaka kukivua.

"Ukweli, mama, sijui nini kitampata ndugu yako. Kila ninachokuonyesha hapa kinadhani kwamba mwenye fedha ndiye atakayezitumia. Mimi najua kuzikuza. Wewe hukuja kuzikuza. Umekuja kwa jambo jingine, na jambo hilo sikusomea." Akavuta kipande cha karatasi. "Kuna mama mmoja alikuja kutufundisha siku moja. Kazi yake ni hiyo tu, familia zenye mtu asiyeweza kusimamia mali yake mwenyewe. Nenda kwake kabla hujatia saini popote. Hata hapa kwetu."

Tulitoka nje manyunyu yakiendelea, nami nikasimama chini ya baraza ya benki nikishindwa kufungua mwavuli. Majuma yote hayo nilikuwa namwomba Mungu anipe jibu, nikidhani litakuja kwa mtu ajuaye yote. Likaja kwa kijana aliyesema sijui. Mkuu akaninyang'anya mwavuli, akaufungua yeye.

*

Ofisi ya mama huyo mshauri ilikuwa juu ya duka la magodoro, na harufu ya magodoro mapya ilipanda ngazi pamoja nasi. Ndani hapakuwa na meza kubwa. Palikuwa na viti vya kimo kimoja vilivyozunguka meza fupi, na ukutani palibandikwa ada yake, kwa maandishi ambayo hata mimi niliyasoma bila miwani. Alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vya chini, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Alimsalimia Mkuu kabla yangu.

"Nyumbani wanakuitaje?"

"Mkuu. Na wewe?"

"Mimi ni mshauri."

"Wa nani?"

"Wako, ukinikubali."

Mkuu akamkagua toka juu hadi chini. "Tutaona," akasema.

Nikamwuliza maswali yangu. Aliyajibu bila haraka na bila kujipamba. Aliacha benki zamani, na tangu hapo amefanya kazi na familia kama yetu tu. Wazazi wa mtoto asiyesema, mke wa mtu aliyepoteza kumbukumbu, ndugu na ndugu. Anayemlipa ni mteja, ada ile ile ya ukutani, na hakuna kampuni inayompa kitu akiuza bidhaa yake. Kuhusu asiyoyajua, alikunja vidole akiyataja: biashara kubwa, hisa, kodi za makampuni. Sheria anaijua kiasi cha kujua ni wakati gani amwite wakili.

"Na simjui Mkuu," akamalizia.

"Huyo nitakueleza mimi. Nimemlea."

"Utanieleza Mkuu wako, mama, na nitakusikiliza. Lakini nahitaji siku moja naye, tangu anapoamka mpaka anapolala. Kabla ya hapo siandiki tarakimu hata moja."

Nilipomweleza mpwa wangu kwa simu, alicheka. "Siku nzima? Shangazi, huyo anakuja kunywa chai yako tu. Na mimi nitapita jioni, nimwone anavyofanana."

Alikuja Jumamosi, jua halijachomoza, viatu vile vile vya chini. Alimkuta Mkuu akiwasha redio. Mkuu hatafuti stesheni. Humridhisha hata ule mkoromo wa katikati. Mshauri aliketi akausikiliza mkoromo pamoja naye bila kuniomba niurekebishe. Nilipomnyoa Mkuu ndevu, akauliza, "Ukilazwa hospitalini, nani anamnyoa?"

"Mama wa duka, hapo jirani."

"Yeye anajua kwamba ni yeye?"

Nikafikiri. "Hapana. Mimi ndiye ninayejua."

"Basi tutamwambia."

Wakaenda kusimama penye kona. Mimi niliwatazama kupitia dirishani, na niliona fahari na kichekesho kwa pamoja. Kila aliyepita aliuliza, "Mkuu, huyu ni nani?" Naye alijibu akitanua kifua, "Mshauri wangu. Pita."

Waliporudi mshauri aliketi. Alikunywa chai yote kwanza.

"Sikujua kama Mkuu ana kazi," akasema.

"Kazi? Mkuu hana kazi, mama. Anasalimia tu."

"Yule bibi wa nyumba ya ng'ambo, anayetembelea fimbo. Mkuu haondoki penye kona mpaka dirisha lake lifunguke. Leo lilichelewa. Alivuka barabara akagonga, akangoja, akagonga tena. Lilipofunguka akaniambia, sasa twende. Kuna siku lilikataa kufunguka?"

Nikaweka kikombe chini. Siku hiyo ilikuwepo. Mkuu alikuja mbio akipiga kelele, "Dirisha! Dirisha!" Watu wakaenda kuangalia, wakamkuta bibi ameanguka sakafuni, mguu umevunjika. Mtaa mzima tuliiita bahati. Tulimshukuru Mungu kwamba siku hiyo Mkuu alitokea kuwa pale.

Nimeishi na mdogo wangu chini ya paa moja maisha yake yote. Mgeni huyu alikuwa na asubuhi moja tu, akamwona. Nilinyanyuka nikaingia chumbani kwangu, nikapiga magoti kando ya kitanda. Nilikaa hivyo tu, kama mtu aliyefunuliwa kitu kikubwa ambacho muda wote kilikuwa sebuleni kwake.

*

Mpwa wangu alifika alasiri, akinukia chuma kilichoungua, akamwamkia mshauri kwa adabu na jicho la kupima. Tukaketi sote sebuleni. Redio ilikuwa ikikoroma taratibu. Nikamweleza mshauri mpango wetu wa kubadilisha jina. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mpwa wangu.

"Siku hizi unachomelea nini?"

"Mageti, madirisha. Matangi."

"Matangi ya maji?"

"Na ya mafuta, yakipatikana."

"Bora yawe matupu."

"Aa, mama, matupu ndiyo yenye hatari!" Alifurahi kufundisha. "Mvuke unabaki ndani. Cheche moja tu, kwisha habari."

"Basi umenijibu nusu ya swali langu kabla sijauliza. Ukitangulia wewe, Mkuu akiwa bado yupo, nyumba hii itakuwa ya nani?"

Nilisimama. "Mungu apishe mbali! Umekunywa chai yangu tangu asubuhi, kumbe umekuja kumtabiria mwanangu kifo?"

"Simtabirii, mama. Humu ndani kila mmoja yupo kwenye foleni, hata mimi. Mpangilio ndio siujui."

"Kaa, shangazi," mpwa wangu akasema. Alikuwa ameacha kutabasamu. "Itakuwa ya mke wangu na watoto."

"Na Mkuu?"

"Watamtunza. Wanampenda sana."

"Naamini. Lakini sheria haitauliza nani anampenda nani. Itauliza jina lililoandikwa ni la nani. Mkeo anaweza kuolewa tena, ni haki yake. Watoto wanaweza kugawana urithi wa baba yao, ni haki yao. Mkuu atakuwa mgeni katika chumba alichozaliwa, na hakuna atakayekuwa amefanya kosa lolote."

Nikarudi kitini, si kwa kuambiwa. Katika sala zetu zote tulikuwa tumemwomba Mungu atuepushe na watu wabaya. Haikunipitia akilini kwamba watu wema, kila mmoja akifanya lililo sawa, wangeweza kumtoa Mkuu nje taratibu kama maji yanavyotoa udongo chini ya ukuta.

"Kwa hiyo mimi siaminiki?" mpwa wangu akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Unaaminika, na ndiyo maana sitaki ubebe peke yako. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Akatueleza kwa maneno ya kawaida. Mali isiwe ya mpwa, wala ya Mkuu mwenyewe, ambaye angeigawa yote kabla ya jioni. Iwekwe amana, yaani ishikwe na watu kadhaa kwa faida ya Mkuu tu, na yeyote kati yao asiweze kuigusa bila wenzake. Hati iseme atakayekufa au kuhama nafasi yake itajazwaje. Fedha kidogo zikae karibu, kwa ajili ya paa na daktari. Nyingine zinunuliwe hati fungani za serikali, zinazolipa kidogo kidogo kila baada ya miezi kadhaa.

"Zile za mstari unaopanda je?" nikauliza, nikikumbuka kioo cha yule kijana.

"Zile hupanda na kushuka. Wewe ungekuwa na miaka ishirini, ningekwambia weka. Fedha ya Mkuu haitakiwi kukimbia, mama. Inatakiwa itembee bila kuchoka."

Nilihisi kama ninavyohisi mwalimu akifuta ubao na kuandika upya hesabu iliyonisumbua, nikaona kumbe njia ilikuwepo. Mpwa wangu naye alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini.

"Lakini haya yote hayana mguu bado," mshauri akasema. "Hatujajua tunalipia maisha gani, na mahali gani. Kuna mtu hajaulizwa."

Akamtazama Mkuu, kisha akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa. Nyumbani kwetu habari za kifo hazisemwi mbele ya Mkuu. Mama alipofariki tulimwambia amesafiri. Kila aliyefariki baada yake naye alisafiri. Mtaa mzima unajua na unatusaidia. Hata mchungaji akipita kutoka mazishini humwambia Mkuu ametoka kumsindikiza mtu.

Mshauri hakunisukuma. Alingoja. Nikafumba macho, nikasema moyoni, Bwana, nishike mkono, na nilipofumbua nilikubali kwa kichwa.

"Mkuu," akasema, "siku dada yako akiwa hayupo, utapenda kuamkia wapi?"

Mkuu akazima redio. Sijawahi kumwona akiizima mchana.

"Akiwa amesafiri?"

"Akiwa amekufa."

"Kama mama."

"Ndiyo. Kama mama."

"Mama hakusafiri," Mkuu akasema, na akanigeukia mimi kwa upole, kama mtu anayemwambia mtoto jambo ambalo amekuwa akingoja akue ndipo amwambie. "Viatu vyake vilibaki, Dada. Wewe ulisema amesafiri. Nikanyamaza, usilie."

Miaka yote hiyo nilidhani mimi ndiye ninayemlinda. Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa, kama mtu anavyoogopa kugusa kitu kitakatifu. Yeye ndiye aliyenishika, akanipapasa bega, kisha akamrudia mshauri kwa sababu swali lilikuwa bado halijajibiwa.

"Hapa," akasema.

"Lakini baba mdogo," mpwa wangu akasema, "kule kwangu nimeshakujengea chumba. Kina dirisha kubwa. Nimekuchomelea kitanda kwa mikono yangu."

"Kizuri?"

"Kizuri sana."

"Weka wageni," Mkuu akasema. "Kule simjui mtu. Watapitaje?"

Mpwa wangu alicheka, akafunika uso kwa mikono yake iliyojaa makovu ya cheche, na hakuitoa upesi.

*

Siku ya kubadilisha jina ilifika, nasi hatukwenda. Badala yake tulikwenda mara kadhaa kule juu ya magodoro, na wakili alikuwepo, mtu mfupi mwenye maneno marefu. Mshauri alijenga kila kitu kutoka kwenye ile Jumamosi. Nani atamnyoa. Nani atakaa katika chumba changu bila kulipa kodi, ili usiku pawe na mtu mzima ndani. Nini kitatokea mtu huyo akichoka. Alikuwa akiweka maisha ya mdogo wangu mezani kipande kimoja kimoja, akitafuta penye tundu, na mimi niliyeshona miaka yote nilijua ninamtazama fundi. Palipoandikwa malipo ya mkaguzi wa hesabu za amana kwa asilimia, niliuliza, "Asilimia ya nini, ya faida au ya fedha yote?" Wakili akasoma tena, akasahihisha. Jioni hiyo mwalimu alinipigia makofi darasani, na yule dereva akasema sasa nimsaidie na yeye kuhusu kuku.

Wadhamini, yaani wale watakaoishika amana, wakawa mpwa wangu, mama wa duka, na mweka hazina wa kanisa, yeyote atakayekuwa anakalia kiti hicho. Nilihakikisha kwa sasa si Mzee wa Bima.

Mshauri alikataa saini zitiwe ofisini. Tulikusanyika sebuleni kwetu, watu wakikalia hata mkono wa kochi. Wakili na mhuri wake, mchungaji, mwalimu wa hesabu, wadhamini wote, mke wa mpwa wangu akiwa na mtoto mgongoni. Bibi wa ng'ambo aliletwa na Mkuu mwenyewe, hatua kwa hatua, akiwasimamisha wenye baiskeli kwa mkono ulionyooshwa. Nilitia saini. Wadhamini wakatia saini. Wakili akaanza kukusanya karatasi.

"Bado," mshauri akasema. "Hati hii ni ya mtu asiyesoma. Haijamfikia mpaka aisikie. Kila mdhamini amwambie kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi, na yeye ndiye atakayesema kama ameelewa."

"Sheria haidai hivyo," wakili akasema.

"Ninajua. Mimi ndiye ninayedai."

Mkuu alikuwa amevaa koti lake, amekaa kiti cha katikati. Mama wa duka akasimama mbele yake. "Mkuu, dada akiugua au akiondoka, mimi nitakunyoa, na chai utakunywa kwangu." Mkuu akasema, "Nimeelewa." Mweka hazina akasema atahesabu fedha pamoja na wenzake na hatazitoa kwa mtu mwingine. "Nimeelewa. Kaa."

Mpwa wangu akaja wa mwisho. Alikuwa amevaa shati jeupe, na alikuwa amekariri. "Mimi, mdhamini wa amana hii, naahidi kusimamia maslahi ya mnufaika kwa uaminifu na kwa mujibu wa..."

"Sijaelewa," Mkuu akasema.

Wakili akakohoa. Mpwa wangu akatazama karatasi mkononi, akamtazama mke wake. Mke wake akamwambia kwa sauti tuliyoisikia sote, "Mwambie ya nyumbani, baba." Akaiweka karatasi mezani, akapiga magoti mbele ya kiti, uso wake ukawa sawa na wa Mkuu. Nilisikia saa ya ukutani niliyopewa hospitalini.

"Baba mdogo," akasema, na alisema kwa nguvu, mchungaji akisikia, mwalimu akisikia, bibi akisikia, mke na mtoto wake wakisikia, "dada yako akifa, hakuna atakayekuhamisha hapa. Mimi sitakuhamisha. Watoto wangu nitawafundisha, na wao hawatakuhamisha. Utaamkia hapa, utatoka kwenda kusimama kwenye kona yako, na mimi nitakuja, na sitapita mpaka uniruhusu. Naahidi mbele ya Mungu na mbele ya hawa wote."